Wekundu Katika Karatasi Nne

Siku hizi nikikaa kitako, kuinuka ni kazi. Jicho la kulia nalo limegoma kuona vitu vidogo. Sililaumu, ndilo lililochungulia hadubini miaka yote ile. Nyinyi mlioshika nafasi yangu mmeniomba niandike, maana mkija nyumbani kuniuliza hiki na kile huwa nasahau nusu. Nimeandika kidogo kidogo, asubuhi, kabla joto halijaninyang'anya akili. Msitafute mpangilio humu. Sikuwa nao nilipokuwa kijana, sembuse sasa.

Kazi yenyewe mnaijua. Tulikuwa tukitambua wino na rangi za vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, misahafu na vitabu vya dua vilivyomo majumbani mwa watu kutoka Diani mpaka mpakani. Swali letu lilikuwa moja tu: rangi hii imetoka wapi? Katika jiwe, katika gome, katika mdudu, au katika kiwanda? Mtu akisikia hudhani ni swali dogo. Na mimi nilidhani hivyo.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, nilichoka kukaa. Nilikata miwa Ramisi nikachoka, nikaenda Diani kufua mashuka ya hoteli. Huko dobini nilijifunza somo la kwanza la rangi, na nililipata kwa aibu: niliacha soksi moja nyekundu ya mgeni ndani ya mashine, mashuka meupe yote yakatoka na rangi ya ufizi. Msimamizi alinitazama, akatazama mashuka, akaniambia, "Bakari, hoteli hii si ya maharusi." Jioni hiyo nilikuwa sina kazi.

Baada ya hapo nikawa mchuuzi wa rangi za ukili. Nilibeba pakiti za unga, nyekundu, zambarau na kijani, nikazunguka vijijini kuwauzia wanawake wanaosuka mikeka. Hiyo kazi niliipenda. Niliwauliza maswali mpaka wakanichoka. Kwa nini magome ya mkoko huchemshwa tangu asubuhi ndipo miyaa, yale majani ya kusukia, ikubali rangi, na unga wangu huingia kabla chungu hakijachemka? Kwa nini ule wekundu wa gome hukaa na huu wangu hukimbia ukimwagiwa maji? Walinijibu huku wanacheka. Mmoja aliniambia, "Wewe unauza usichokijua, kisha unakuja kuniuliza mimi niliyekinunua."

Nilikuwa na meza yangu sokoni Ukunda siku aliyokuja Daktari Nafula. Alikuwa mwanakemia, mtu wa bara, Kiswahili chake kimekatwakatwa lakini salamu zake zilikuwa kamili. Alishika pakiti nyekundu akaigeuza.

"Hii ukiilowesha inatoka?"

"Inatoka, mama, lakini haiendi mbali. Hufika kwa jirani tu."

"Jirani nani?"

"Chochote kilicho karibu. Nguo, mkono, ukuta."

Alicheka, akavuta kiti akakaa. Tukazungumza mpaka soko likaisha. Wiki iliyofuata nilikuwa nimebeba masanduku yake, na sikurudi tena kwenye meza. Mtu ambaye hajawahi kudumu mahali miaka miwili, kazi hii nilidumu nayo mpaka mgongo uliponiambia basi. Nataka mkumbuke jambo hilo mtakapofika mbele, si kwa ajili ya kunionea huruma, bali mpate kuelewa nilichoogopa kukipoteza.

Vifaa vya mwanzo vilikuwa duni. Tulikuwa na hadubini moja na taa ya mwanga wa zambarau. Kwa taa hiyo tulihitaji giza, basi tulijifunika nguo nyeusi kichwani, adhuhuri, ndani ya chumba cha mabati. Jasho lilinitoka mpaka nikahofia litadondokea kitabu, nikawa najifunga kitambaa kwenye paji la uso kama mkata miwa. Chini ya taa ile rangi nyingi za kiwandani huwaka kama kaa la moto. Za kale aghalabu hunyamaza.

Baadaye kikaja kile chombo mfano wa bunduki, kinachotambua madini. Bibi mmoja wa Msambweni alipotuona nacho alisema, "Wanangu, aliyekiandika ameshakufa. Na kitabu nacho mnakipiga risasi?" Daktari alimweleza taratibu, kwamba hakitoki kitu kinachoumiza karatasi, kwamba kinataka kujua kama ndani ya wino mna chuma, risasi au zebaki. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya. Lakini mimi nitakaa nje."

Chombo hicho kina upofu wake. Rangi ya gome au mdudu, na nyingi za kiwandani, hakizioni, kwa kuwa hazina madini. Kwa hizo tulichukua unyuzi uliokwisha kumeguka wenyewe pembezoni mwa karatasi, mdogo kama ukope, tukaupeleka maabara kubwa ng'ambo. Huko huyeyushwa, ule uoevu ukapitishwa katika mrija mwembamba sana, na kila rangi hutoka kwa wakati wake, iliyo nyepesi mbele, iliyo nzito nyuma. Majibu yalichukua miezi. Nyinyi siku hizi mnayapata kabla chai haijapoa.

Jambo moja ambalo chombo hakitawafundisha ni hili. Wino ulioandikwa una njia. Kalamu ya tete hukwaruza mtaro mwembamba, rangi ikalala ndani yake na kurundikana kandokando. Rangi iliyohamia haina njia. Imetua tu, kama vumbi. Kabla hamjauliza rangi ni ya nini, angalieni kwanza imefikaje pale.

Hilo nililijua vizuri mno. Sasa niwaambie la Majoreni.

Palikuwa na msahafu wa wakfu Majoreni, nyumbani kwa Bi Mwanajuma. Babu yake aliuweka wakfu, akamwachia yeye auangalie, na yeye alikusudia kumwachia binti yake wa pekee, Mwanakombo. Watu waliuheshimu sana. Waliokosana waliletwa kwa Bi Mwanajuma kuapa mbele yake. Mzee Salimu, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, kwa miaka mingi alikuwa akisema msahafu wa wakfu mahali pake ni msikitini, kabatini, si sandukuni chini ya kitanda cha mwanamke. Bi Mwanajuma alikuwa akimjibu kwamba aliyeuweka wakfu alijua tofauti ya kabati na mtu.

Alitukubalia kuupima kwa sharti moja. Asiye na udhu asiuguse. Daktari Nafula si Muislamu, basi mikono itakuwa yangu. Mipira ya kuvaa mikononi nayo aliikataa. Daktari hakubisha. Mikono safi na mikavu, alisema, huihisi karatasi kuliko mipira.

Safi na mikavu. Neno la pili sikulishika.

Asubuhi ile tulipofika, Daktari alitoa sponji lake la kijivu la kulazia vitabu. Bi Mwanajuma alilitazama.

"Hilo ni godoro."

"Ni la kulazia kitabu kisiumie mgongo, Bi," nikamwambia.

"Msahafu ulazwe juu ya godoro, Bakari? Wewe nawe umelelewa na nani?"

Nguo nyeupe iliyofuliwa mara nyingi, ambayo tulikuwa tukiitandika juu ya sponji, tulikuwa tumeisahau Ukunda. Daktari alikuwa nje akihangaika na betri. Nikaenda mbio dukani nikanunua leso mpya, nyekundu, haijaguswa na maji. Kwetu hakuna kitu safi kuliko leso mpya. Ndiyo anayopewa mzazi, ndiyo anayofunikwa mtoto mchanga. Bi Mwanajuma aliipokea, akaipapasa, akaridhika. "Hapo sasa," alisema. Tukaitandika juu ya sponji, nikatoka uani nikatawadha, nikaingia na maji yakinichuruzika viwikoni. Najua wapo wasiopenda kujifuta baada ya udhu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Msahafu ule ulikuwa na karatasi nne zilizochomoka kwenye mshono, zote zina vichwa vya sura kwa wino mwekundu. Nilizitoa moja moja, nikazilaza juu ya leso, na kwa kuwa zilikuwa zimejikunja, nikazikandamiza kwa viganja mpaka zikatulia. Daktari alipoingia kila kitu kilikuwa tayari. Akapiga picha, akapima kwa bunduki yake, akaokota nyuzi zilizomeguka akaziweka katika vichupa. Kwenye daftari niliandika tarehe, jina la nyumba, hali ya hewa. Leso sikuiandika. Nani huandika leso? Nilikwenda nayo nyumbani nikampa mke wangu.

Mtu aliyefukuzwa kazi kwa soksi nyekundu! Mngedhani ningekumbuka. Lakini pale sikuwa dobini. Pale nilikuwa katika adabu, na mtu akiwa katika adabu hajitilii shaka.

Majibu yalipokuja, Daktari aliniita nisome naye. Wino mwekundu una zebaki, yaani ni ule wa jiwe, wa kale na wa gharama. Lakini katika zile karatasi nne kulikuwa na kitu cha pili juu yake, rangi ya kiwandani, ya miaka hii yetu. Daktari alikuna kichwa. "Inaonekana kuna mtu alipaka upya," alisema. "Labda wino ulikuwa umefifia akataka kuusaidia." Aliniagiza nipange picha za hadubini, ili apeleke taarifa Majoreni wiki iliyofuata.

Nilipanga picha. Ya kwanza, ya pili. Katika ya tatu, nyuma ya karatasi, niliona wekundu mwepesi kama pumzi kwenye kioo. Haukuwa na njia ya kalamu. Ulikuwa na vijistari vidogo vilivyokatana, wima na mlalo, wima na mlalo, safu kwa safu. Nilitazama muda mrefu. Ulikuwa mfumo wa nyuzi za nguo.

Nilikwenda nyumbani. Mke wangu alikuwa amejifunga leso ile jikoni. Nikalowesha kidole, nikashika pindo nikalibana juu ya karatasi nyeupe.

"Una nini wewe?" akauliza.

"Natazama kitu."

"Basi tazama ukiwa umeniachia nguo yangu."

Karatasi ilitoka na vijistari vilevile. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Nilisema nitamwambia Daktari kesho. Kesho yake nilisema nitamwambia tukiwa njiani kwenda Majoreni. Njiani nilisema nitamwambia baada ya kikao.

Sina cheti. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu wa darasa la sita angepewa msahafu wa kale mkononi na kuulizwa, Bakari, wewe unaonaje? Nilijiambia kwamba Daktari atasoma taarifa, watu watasikia, watarudi mashambani, na jambo litaishia hapo.

Kikao kilikuwa barazani msikitini, baada ya sala ya alasiri. Wanawake walikaa upande wao. Daktari alieleza kwa uangalifu, kwamba msahafu ni wa kale kweli, kwamba wino wake ni wa thamani, na kwamba juu ya karatasi nne kuna rangi mpya. Alisema mara mbili kwamba hajui ni nani wala lini.

Mzee Salimu alisimama. "Funguo za sanduku zilikuwa na nani?"

"Nami," alisema Bi Mwanajuma. "Na binti yangu."

"Na binti yako anasuka mikeka."

"Anasuka."

"Kwa rangi nyekundu."

"Na ya kijani na ya zambarau, Mzee Salimu. Mkeka unaolalia si wake?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha. Mzee Salimu hakucheka. Alisema hamtuhumu mtu, ila maneno ya Mwenyezi Mungu yametiwa mkono, na wakfu ni amana. Njia ni nyepesi. Bi Mwanajuma ashike msahafu ule ule aape kwamba si yeye wala mtu yeyote wa nyumba yake aliyeupaka rangi. Akiapa, mambo yameisha.

Bi Mwanajuma aliweka mkono juu ya msahafu. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na karatasi ya vijistari ilikuwa mfukoni mwangu.

"Wallahi mimi sikuupaka," alisema.

"Wala mtu wa nyumba yako."

Alimtazama Mwanakombo, ambaye vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa rangi ya ukili, kama vilivyokuwa kila siku. Unga wa aina hiyo alikuwa akiununua kwangu zamani, nikiwa mchuuzi.

"Mimi huapa kwa nilichokiona," alisema Bi Mwanajuma. "Siwezi kuapa kwa mikono ya mtu mwingine."

Alikuwa mtu wa haki. Alikuwa ameapisha wengi na alijua uzito wa kiapo. Lakini kila aliyekuwapo alisikia alichotaka kusikia. Mwanakombo aliinuka, akavuta buibui lake, akatoka bila kuvaa viatu. Mzee Salimu alibeba msahafu akaufungia kabatini msikitini. Baada ya siku chache Mwanakombo alimfuata mumewe kule Taru, alikokuwa akifanya biashara ya mbuzi kando ya barabara kuu. Hakuaga.

Nami nikaendelea na kazi, tukapima Vanga, tukapima Diani. Nilizidi kuwa hodari. Nilianza kufuta mikono kwa taulo mara tatu mpaka Daktari akanitania kwamba nitaichubua. Nilichoka, vijana. Sijui kama mnaujua uchovu wa kubeba neno ambalo halijasemwa, unalala nalo na unaamka nalo. Miezi saba.

Siku moja Bi Mwanajuma akaniita. Nilimkuta amekaa ukumbini, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Watu hawaji tena hapa, nimesahau hata maneno ya kukaribisha." Akaufungua mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na pakiti ya unga mwekundu, nusu imetumika. "Hii aliiacha. Unga huu wewe ndiye uliyekuwa ukimuuzia, na wewe ndiye unayejua rangi. Nataka uniambie kweli tupu. Ni hii iliyoingia msahafuni?"

"Kwa nini unauliza sasa, Bi?"

"Kwa sababu kila siku nalala na mambo mawili. Siku nyingine nasema ni yeye, naona nilifanya vyema kutomwapia. Siku nyingine nasema si yeye, na naona nimemuuza mwanangu hadharani. Umri huu siwezi tena yote mawili. Nipe moja."

Nilimwambia. Nilianzia kwenye leso nikaishia mfukoni mwangu. Ile karatasi bado nilikuwa nayo, imechakaa kwenye mikunjo. Nikaitoa nikamwekea mapajani.

Alizigusa alama zile kwa kidole. "Ulikuwapo barazani," alisema.

"Nilikuwapo."

"Umekaa palepale."

"Naam."

"Nenda ukamwambie bosi wako," alisema. "Kisha urudi."

Daktari Nafula alinisikiliza amesimama. Nilidhani atanifukuza, na nilikwisha kupanga nguo zangu. Alisema leso ilikuwa kosa lake vilevile, kwa kuwa alinikuta nimeshatandika asiulize. "Lakini hii miezi saba, Bakari, hii ni yako peke yako." Akanipa daftari, akanikalisha niandike yote kwa mkono wangu, pamoja na leso, pamoja na udhu. Kisha tukapima upya. Tulipeleka ng'ambo uzi wa leso na unga wa Mwanakombo, na majibu yalipokuja yalikuwa wazi: rangi ya karatasini ni ndugu ya leso, na unga wa ukili ni rangi nyingine kabisa. Ndiyo maana leo kwenye fomu zenu kuna mstari unaouliza kitabu kimelazwa juu ya nini, na mwingine unaouliza mikono imekaushwa vipi. Mnailalamikia mistari hiyo. Ijazeni.

Safari hii taarifa niliisoma mimi, barazani palepale. Mzee Salimu, sitamnyima haki yake, aliinuka mbele ya watu akamwomba Bi Mwanajuma radhi, akatoa msahafu kabatini akamkabidhi mwenyewe. Nilipofika nyumbani kwake nilidhani mambo yameisha. Bi Mwanajuma alisema, "Sasa nenda Taru."

Taru ni mbali na bahari kwa kila namna. Ardhi nyekundu, upepo mkavu, malori yanapita mpaka vikombe vinatetemeka. Mwanakombo alikuwa na kibanda cha chai karibu na wauza mbuzi. Aliponiona alisema, "Mchuuzi! Huku hakuna miyaa, umepotea njia." Kisha akanitazama vizuri akaacha kucheka.

Nilimweleza huku anaendelea kuwahudumia watu. Alimimina chai, akarudisha chenji, akamfukuza mbuzi aliyeingiza kichwa ndani ya beseni. Nilipomaliza alifuta meza, mahali palepale, mara nyingi.

"Kwa hivyo si mimi," alisema.

"Si wewe. Taarifa imesomwa. Watu wote wamesikia."

"Mimi nilikuwa najua si mimi, Bakari. Hiyo si habari mpya kwangu." Akaweka kitambaa chini. "Mama amekutuma useme nini?"

"Amesema urudi. Msahafu umerudi nyumbani. Funguo ni zako."

"Nisikilize, nawe umfikishie kama nilivyosema, usiongeze adabu zako. Sikuondoka kwa sababu ya maneno ya Mzee Salimu. Niliondoka kwa sababu mama alinitazama mikono. Alinitazama mikono kabla hajanitazama uso. Ungesema siku ile, asingepata nafasi ya kunitazama hivyo, na mimi nisingejua kwamba anaweza." Lori lilipita, akangoja sauti iishe. "Mwambie namsamehe. Mwambie siku ya Idi nitakuja kumwamkia. Lakini funguo sitaki. Sitaki kukaa nyumba moja na kitu ambacho kikipata doa, natazamwa mimi."

Alinipa chai, nikainywa.

Nilipofika Majoreni Bi Mwanajuma alikuwa amekaa mlangoni. Nilimpa maneno kama yalivyo, sikuongeza wala sikupunguza, hilo angalau nilikuwa nimejifunza. Nilipofika kwenye maneno ya mikono aliitazama yake mwenyewe, akaigeuza.

"Kweli," alisema. "Nilianza na mikono."

Kisha aliingia ndani, akatawadha, akajifuta kwa nguo nyeupe, kidole kwa kidole. Alitoa msahafu sandukuni. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa Mzee Salimu. Amepata alichotaka, bila ya kugombana. Mimi nitakufa, na hapa hapana wa kumwachia."

"Bi, ngoja. Huenda akabadilisha nia. Idi si mbali."

"Atakuja Idi, atakula, atacheka, atakwenda zake. Namjua, nimemzaa."

Alitoka nao uani, ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Njia ya msikitini ina mawe, na miguu yake ilikuwa mibovu siku hizo. Alijikwaa hatua ya tatu. Nikamwahi, nikanyoosha mikono nimpokee, nikamwambia nina udhu, na mikono yangu mikavu.

"Wacha," alisema, akaendelea kutembea. "Wewe umeshaushika."